Hongera kwa Kompyuta Moja

Tuipongeze ofisi moja hapa Isiolo kwa kuweka rekodi zake zote ndani ya kompyuta moja. Wafugaji wetu Waborana, kwa uoga wao, hugawa ng'ombe kwa jamaa wa mbali, ukame usije ukamaliza zizi zima. Ofisi imestaarabika. Sasa kompyuta imegoma kufunguka, maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi. Fundi mmoja akathubutu kusema atoe diski, aichomeke kwa waya wa USB kwenye laptopu nyingine, anakili faili. Uchawi gani huo? Akaitwa fundi mwingine, mwenye busara, akafuta diski yote na kuweka Windows mpya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imetimizwa: hakuna atakayeziiba rekodi hizo tena.