Mpira wa Bluu, Usiutume Huko

Mjomba wangu wa Pande, Kilwa, ana boti, shamba la ufuta na imani moja: kitu chenye rangi nzuri hakiharibiki. Ndiyo maana kila injini anayoisimamia siku hizi imevaa mpira wa bluu, unang'aa kama sare ya shule siku ya kufungua muhula. Ni mpira wa silikoni, na mimi sina ugomvi nao. Asili yake ni silika, ile ile iliyojaa kwenye mchanga, na soli za viatu alivyokanyagia mwezi Neil Armstrong mwaka 1969 zilikuwa za mpira wa silikoni. Nilipomwambia hilo, mjomba alinitazama kama aliyeshinda kesi. Ikabidi nimkumbushe: mwezini, mjomba, hakuna petroli.

Haya ni makosa manane tunayoufanyia mpira huo. Tunaanza na dogo, tunashuka hadi lile lililonigombanisha na mtu mzima.

8. Kuulainisha kwa grisi ya silikoni

Mpira umegoma kuingia kwenye bomba, fundi anachota grisi ya silikoni: "Hawa ni ukoo mmoja, wataelewana." Wanaelewana kupita kiasi. Mpira unainywa ile grisi, unavimba, unalegea. Maji ya sabuni yanatosha, hata pete iliyokwama kidoleni hutoka kwa hayo hayo.

7. Kuukaza kwa klipu yenye matundu

Klipu tunayoijua wote ni ile ya bisibisi, yenye mkanda uliochanjwa mistari. Kwenye mpira mweusi wa kawaida haina neno. Silikoni ni laini, na ukiukaza unapenya kwenye ile mistari kama unga wa chapati kwenye vidole, kisha unakatwa. Silikoni ikishapata mchaniko haina ubishi, mchaniko unatembea.

Halafu kuna ugonjwa wa asubuhi. Injini ikilala, chuma na mpira vinasinyaa, kila kimoja kwa kiasi chake, klipu inabaki imelegea na rejeta inadondosha maji. Ikipata moto, kumekauka. "Inakojoa kitandani tu," anasema mjomba, "mchana mzima kabisa." Dawa ni klipu yenye mkanda laini kwa ndani, au ile yenye springi inayofuata mpira ukinenepa na ukikonda. Kuongeza nguvu za bisibisi si dawa. Kujaza silikoni ya tyubu kwenye maungio nako si dawa, ingawa najua gari moja la abiria ambalo bila hiyo tyubu lingebaki chasisi.

6. Kufyonzea

Pampu ya kumwagilia inavuta maji kisimani kwa mpira laini usio na waya ndani. Unafanya nini? Unabonyea mashavu kama babu asiye na meno anayefyonza embe, na maji hayaji. Upande wa kuvuta, weka mpira wenye waya uliozungushwa ndani yake. Upande wa kusukuma una nafuu.

5. Mvuke wa presha, na maji ya betri

Vyote viwili vinaula mpira wa silikoni taratibu. Lakini Pande hatuna mashine za mvuke, tusipoteze muda.

4. Haidroliki na breki

Hapa mtu anaona mpira wa bluu una tabaka tatu nne za kitambaa, anasema huu ni mgumu, tuuweke kwenye jeki ya tipa. Mjomba, sikiliza. Kifuniko cha rejeta kinaachia mvuke presha ikifika kama ya ba moja hivi. Jeki ya tipa inainua sanduku la kokoto kwa presha inayozidi hiyo zaidi ya mara mia. Kitambaa kile kimewekwa kwa kazi ya rejeta. Kukipa haidroliki ni kumtwisha mtoto wa darasa la kwanza gunia la ufuta, tena umwambie apande nalo ngazi. Mpira wa haidroliki una nyavu za waya wa chuma ndani, na kinachopita humo ni oili, jambo ambalo tutalikuta namba 1. Breki ni kesi hiyo hiyo, ila kwenye breki wanaoaga dunia ni abiria.

3. Gesi ya jikoni

Shangazi alitaka mpira wa jiko lake ufanane na mapazia. Mjomba akaunga mkono: "Gesi ni ya Kilwa, mpira ni wetu, tatizo liko wapi?"

Matatizo ni mawili. La kwanza ni la jiografia. Gesi hiyo ya Kilwa, yaani ya Songo Songo, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kufika Dar es Salaam 2004, kwa bomba la chuma: kilomita kama 25 chini ya bahari mpaka Somanga Funga, kisha zaidi ya 200 nchi kavu. Hiyo ni methani. Ya kwenye mtungi wa shangazi ni propani na butani, na imekuja kwa meli. La pili ndilo la hatari. Katika jamii nzima ya mipira, silikoni ndiyo inayopitisha gesi kirahisi kuliko karibu wenzake wote. Haijatoboka, haijachanika, gesi inapenya tu kwenye nyama ya mpira wenyewe. Ndiyo sababu pia maji ya rejeta yenye mipira ya silikoni hupungua kidogo kidogo na chini huoni hata tone, ukabaki unamshuku dereva. Kwenye rejeta unaongeza maji, maisha yanaendelea. Jikoni, nunua mpira ulioandikwa kuwa ni wa gesi ya mtungi, hata kama mapazia yatanuna.

2. Kuunyima kazi yake

Hili nalo ni kosa, wala si dogo. Silikoni inakaa kwenye joto la nyuzi 180 bila kulalamika, mahali ambapo mpira mweusi wa kawaida ungeanza kukauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Jua la Lindi na hewa ya chumvi haviushtui. Maji ya kupoza injini, hewa ya moto itokayo kwenye tabo ya lori: hapo ndipo kwake. Cha ajabu, fundi anauweka kila mahali, halafu kwenye tabo anafunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Ila tabo iliyochoka hutema oili pamoja na hewa, kwa hiyo hapo tafuta silikoni iliyovishwa ndani kwa aina inayostahimili mafuta. Na hilo linatuleta nyumbani.

1. Mafuta

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zake, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika kule Somanga, malori yakalala njiani na spea zikalala ndani yake. Mpira wa mafuta wa boti ya mjomba ukachagua wiki hiyo hiyo kupasuka. Alikuwa na kipande cha bluu. Akakata, akafunga, akawasha, mashine ikaitika. Akanipigia simu makusudi kunisikilizisha mlio.

Silikoni ya kawaida hunywa petroli na dizeli. Inavimba, inapoteza nguvu, na mvuke wa mafuta unapita ukutani mwake kama gesi ya shangazi. Hazikupita wiki nyingi. Kwanza ikaja harufu, mjomba akasema ni ya samaki. Kisha mashine ikaanza kukohoa. Alipofungua klipu mpira ulitoka wenyewe, mnene, umelegea kama mbaazi zilizolala kwenye maji, na kila alipoubonyeza kidole kilibaki kinanuka petroli. Alijaribu kuurudisha kwenye bomba lake. Ukaogelea.

Niliposhuka Pande nilimwonyesha namna ya kuutambua hata ukiwa mweusi au mwekundu, maana rangi huchanganywa tu. Kata kipande kama ukucha, kiwashe mbali na mafuta. Mpira wa kawaida hutoa moshi mweusi na masizi. Silikoni hutoa moshi mweupe na kuacha jivu jeupe kama unga. Mjomba aliwasha vipande vitatu, viwili kwa elimu na kimoja kwa kupenda.

Boti sasa ina mpira wa mafuta halisi, mweusi, mbaya wa sura. Kile kipande cha bluu nilikikuta kimezungushwa kwenye mti wa uani.

"Mjomba, huu si ungeutupa?"

"Nimefungia mbuzi," akasema. "Au naye anatumia petroli?"