Kompyuta ya Kukimbia Nayo

Kabla ya kuuliza ina kasi gani, niliuliza ina kilo ngapi. Kijana wa duka kule Birere, mjini Goma, akanitazama kama mtu aliyeingia buchani kutafuta viatu. Lakini sharti la kilo halikuwa langu, lilikuwa la mke wangu, na lina tarehe yake: 22 Mei 2021. Usiku ule volkano ya Nyiragongo ilipasuka, anga likawa jekundu, na sisi wa Majengo tukajaa barabarani na tulichoweza kushika. Jirani mmoja alitoka na televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kirefu. Alienda nayo kama mita mia mbili, akaitua juu ya jiwe, akaanza kuomba msaada kwa watu ambao kila mmoja tayari alikuwa na godoro kichwani. Lava ilisimama Buhene, haikutufikia. Asubuhi jirani akarudi pale kwenye jiwe. Jiwe alilikuta.

Tangu hapo nyumbani kwetu kuna sheria. Kitu kisichobebeka kwa mkono mmoja hakiingii, kwa sababu mkono wa pili ni wa mtoto.

Mtoto mwenyewe ndiye aliyeleta habari ya kompyuta. Ana miaka 13, na kila faranga aliyopewa ya maandazi ilikuwa ikiishia kwenye chumba cha Playstation mtaani, ambako unalipa kwa mechi na ukifungwa unampisha mwenzako. Mwanangu alikuwa anafungwa sana. Nikapiga hesabu, nikaona kwamba kwa pesa anazofungwa kwa mwaka ningeweza kununua mashine akafungwe nyumbani, bure.

Niliuliza kwa wanaojua. Wakaniambia usinunue mpya, nunua kompyuta ya ofisi. Ofisi za Ulaya zikibadilisha mashine, zile za zamani hufungwa kwenye makontena, na siku moja zinatua kwetu zikiwa bado na stika ya idara fulani ya uhasibu. Unaipata kwa bei ya chini, unaiongezea ramu, unaichomekea kadi ya michoro, tayari una mashine ya michezo. Ushauri ni mzuri. Ninaurudia hapa bila kinyongo, maana haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kilo.

Dukani kulikuwa na aina mbili: kasha nene kama jiko la makaa, na kasha jembamba lenye unene usiozidi sentimita 10, ambalo unalibana kwapani kama Biblia kubwa ya familia. "Grand, hii ni ya Bulaya kabisa," kijana akasema, akiligonga lile jembamba kwa upendo. "Haiko na shida." Prosesa i5 ya kizazi cha nne, ramu gigabaiti 4, dola 110. Nikalibana kwapani, nikakimbia nalo hatua tatu mle dukani kujaribu. Wateja wakanipisha.

Kwenye kulipa tukakwama. Noti yangu ya mia ilikuwa na tundu dogo pembeni, la pini. Mgeni anaweza kudhani dola ni dola. Goma dola ni bibi harusi: haitakiwi kuwa na kovu. Kijana akaiinua kwenye mwanga, akachungulia tunduni kana kwamba Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, inaonekana upande wa pili, akanirudishia kwa adabu yote. Ilibidi nirudi Majengo kwa pikipiki, nichukue noti ya ada ya shule, ambayo haikuwa na kovu lolote isipokuwa moyoni mwangu.

Ramu niliinunua peke yangu, bila kuuliza mtu, nikiwa na ile jeuri ya mtu aliyeshasoma kidogo. DDR3, gigabaiti 8, yote yameandikwa. Nilipofika nyumbani nikakuta ni fupi, kama imekatwa. Ilikuwa ya laptopu, yenye pini 204, na mashine yangu inataka ile ndefu ya pini 240. Muuzaji alikataa kuirudisha. Iko kwenye droo pamoja na funguo zisizojulikana ni za milango gani.

Sasa kadi. Mashine za ofisi zina pawasaplai nyonge, na hazina ule waya wa ziada ambao kadi kubwa huuhitaji. Kwa hiyo unatafuta kadi inayoridhika na wati 75 zinazotoka kwenye tundu la ubao mama. Jina nililokariri usiku kama sala ni GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016. Nikaipata, imefungwa kwenye kartoni inayong'aa, dola 60. Niliona bei iko chini mno. Nikajiambia ni baraka.

Haikuingia. Kadi ya kawaida ina kimo cha karibu sentimita 12, na kasha jembamba linataka zile fupi za sentimita 8. Hilo nilikuwa nimelisoma pia, lakini nililisoma kama mtu anavyosoma masharti ya benki. Mwanangu akafungua bati la kadi kwa bisibisi, tukaichomeka ubavu ukiwa wazi, nayo ikasimama nje kama bawa la kuku anayejikuna. Kifuniko hakikurudi tena.

Huwezi kuacha mashine wazi Goma. Mji umejengwa juu ya lava, barabara ni lava, na wakati wa kiangazi vumbi jeusi linaingia hadi kwenye chumvi. Mke wangu, kwa huruma, akaifunika mashine na kitambaa cha kufuma cha sebuleni, chenye maua. Ikapendeza sana. Baada ya dakika 20 ikazima kwa joto, kitambaa kikanuka kama pasi iliyosahauliwa.

Ilipowaka tena tulicheza mpira. Wachezaji hawakuwa na nyuso. Mpira ulifika golini kwanza, mpigaji akafuata baadaye, na mwanangu akasema huko Playstation angalau refa anaonekana. Akaleta programu ndogo iitwayo GPU-Z, ambayo huiuliza kadi jina lake la ubatizo. Kadi ikakiri. Ilikuwa GT 440 ya mwaka 2011, iliyoandikwa upya kumbukumbu yake ya ndani ili kila kompyuta iiite 1050 Ti, na kompyuta, kama sisi, huamini kitambulisho. Kuna watu mjini humu wanaitwa Daktari kwa utaratibu huohuo.

Jirani, yule wa televisheni, alipokuja kutoa pole akauliza ndani mna nini hasa. Nikamweleza kuhusu tantali, ile inayotokana na koltani ya machimbo ya Rubaya, na jinsi bei ilivyoruka mwaka 2000 dunia ilipokuwa ikigombea simu na PlayStation 2. Akaishika kadi, akaipima mkononi kama mchuuzi wa madini. "Basi tuivunje," akasema. "Tuuze." Nikamwambia kilichomo, kama kimo, ni kama chembe ya mchanga. Akanitazama kwa mashaka ya mtu aliyewahi kuambiwa hivyo na wanunuzi wengine.

Kadi ya kweli, fupi, nilikuja kuipata baada ya miezi miwili. Kifuniko kikafunga. Fundi akanionya kwamba umeme wetu hupanda na kushuka, ninunue na stabilaiza. Nikanunua ya chuma, nzito, ikakaa chini ya meza, na sheria ya mkono mmoja hatukuizungumzia kwa kuwa mke wangu alikuwa sokoni.

Juma lililofuata, saa nne za usiku, ardhi ikatikisika. Kidogo tu, vikombe vikagongana kabatini. Tulioishi Mei ile hatusubiri mtikisiko wa pili. Nikafumba macho, nikainama, nikakumbatia, nikatoka mbio. Barabarani majirani walikuwa wameshasimama na mashuka yao. Mke wangu alikuwa na mtoto mkono mmoja, na mkono wa pili kasha jembamba, limebanwa kwapani vizuri kabisa.

"Papa," akaniuliza, "hicho ni nini umebeba?"

Nikatazama. Waya wake ulikuwa unaburuta nyuma yangu hadi mlangoni.