Wiki ya Kaseti, Bura

Jumatatu
Sauti ya marehemu baba kwenye kaseti imefifia. Maneno yenye "s" hayasikiki. Nimefungua redio kaseti nikakuta hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, imegandwa na uchafu wa kahawia. Utepe hupakwa unga wa oksidi ya chuma, na unga huo ndio unaoshika sauti. Kila utepe ukipita kwenye hedi huacha chembe, nazo hapa Bura huchanganyika na vumbi linalopenya hata dirisha likifungwa. Uchafu ukikaa baina ya utepe na hedi, sauti nyembamba hutangulia kupotea.

Kusafishia hedi nilitaka spiriti kali isiyo na maji. Duka la dawa lina ya asilimia 70 tu. Nimeitumia hiyo, nikaacha hedi ikauke hadi alasiri. Pamba nayo nimeinunua dukani, ingawa baba alihamia hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulima pamba ya mradi wa umwagiliaji, na kaseti hii inaeleza mavuno yake.

Jumanne
Belti ya mota imeyeyuka. Haikukatika, imegeuka lami na kunata kwenye puli. Weusi umeenea vidoleni, kwenye kitasa cha mlango na kwenye leso ya mama. Mpira wa zamani huoza hivyo, na joto la huku linauharakisha.

Kijana wa baiskeli alinikatia ukanda wa tyubu kuukuu. Redio ikazunguka, lakini baba akazungumza kwa uzito, kisha akaenda mbio, kisha akalegea tena. Kaseti inatakiwa kupita sentimita 4.76 kwa sekunde, na ukanda uliokatwa kwa wembe hauna upana mmoja. Mama alisikiliza kidogo, akasema, "Huyo si babako. Mzime." Nimemzima. Nimemwomba dereva wa matatu aniletee belti kutoka Hola.

Jumatano
Mzee jirani ameleta kaseti aliyotumiwa na mwanawe kutoka Saudia. Imekaa miaka mingi juu ya kabati, karibu na mabati. Ganda limepinda na utepe hauzunguki.

Nilifungua skrubu zote tano. Moja ikaangukia mkekani. Mjukuu wangu akaja mbio na sumaku ya spika mbovu ili aitafutie. Nilimzuia mlangoni, maana sumaku hufuta utepe, nasi tukaitafuta kwa viganja hadi magharibi. Kisha nikahamishia utepe kwenye ganda la kaseti ya muziki iliyokwisha kufa. Vipimo vya kaseti ni vilevile tangu Philips walipoitoa mwaka 1963, kwa hiyo ganda lolote zima huupokea. Kile kisponji kinachoukandamiza utepe kwenye hedi kilikuwa kimebanduka, nikakigundisha upya.

"Itasema, Mwalimu?"
"Itasema, mzee wangu. Tungoje belti."

Alhamisi
Belti imefika, stima ikapotea. Nikatia mawe ya redio. Mwendo uko sawa, ila yule kijana wa Saudia alisikika kama aliyefunikwa blanketi. Kaseti yake ilirekodiwa kwenye mashine ambayo hedi yake ilielekea kidogo tofauti na yangu. Ubavuni mwa hedi kuna skrubu ndogo ya kuinyoosha. Niliigeuza polepole huku nikisikiliza, na maneno yakafunguka. Mzee alitaka salamu za kijana kwa mamake zirudiwe. Nikarudisha utepe. Akataka tena. Mawe yakaisha.

Ijumaa
Stima imerudi, na leo ni kazi ya kunakili. Waya unatoka tundu la hedifoni kuingia kwenye simu, na simu inarekodi. Katikati ya upande wa kwanza wa kaseti ya mzee, simu ikaita na kurekodi kukakatika. Aliyepiga ni mzee jirani, akiuliza kama nimemaliza. Nikazima mtandao wa simu, nikaanza upya.

Kaseti ya baba ilipofuata, mjukuu alijikwaa akaegemea kitufe chekundu. Sekunde chache zimefutika, pale baba alipokuwa akitaja bei ya pamba. Hazirudi. Mtoto alilia, mama akampakata. Nimevunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti iliyomo nyumbani, ili kitufe cha kurekodi kikatae kushuka. Atakayetaka kurekodi siku moja ataziba matundu kwa selotepu.

Jumamosi
Majirani wameleta kaseti nyingine: harusi, mawaidha, nyimbo za Kipokomo, barua za waliokwenda mbali. Tepe nyingi bado ni nzima. Kinachokwisha ni mashine, mpira wake na mafundi wake. Kwa hiyo nimempa kila mmoja maagizo yaleyale: vunja vijipande, ondoa kaseti karibu na mabati na spika, usiichezeshe mpaka hedi isafishwe, na ikicheza mara ya kwanza inakiliwe papo hapo.

Katika kaseti moja mtu anacheka nyuma ya baba. Mimi sikumtambua. Mama alimtaja jina, kijiji na mwaka aliohama. Nimeyaandika yote kwenye karatasi ya ganda. Kuanzia kesho nitatanguliza kaseti za wakongwe, nao wakae nami zinapocheza, maana simu itahifadhi sauti, lakini haitajua ni ya nani.