Milioni za Baba Nasra

Baba Nasra alipotimiza miaka 45 hakutaka keki, alitaka fomu. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, iliporekebishwa Januari 2022, mwanachama aliyefikisha umri huo na kuchangia miaka kumi anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake bila kungoja kustaafu, na mume wangu alikuwa akiihesabia siku hiyo kama mtoto anavyoihesabia Iddi. Fedha zikaingia: shilingi milioni 32. Hakumwambia mtu. Kufikia Jumapili, Ssenga, shangazi yake wa Masaka, alikuwa sebuleni kwetu Ntinda na mkungu wa matoke, anatuulizia afya.

Jioni akaja shemeji yangu mdogo na mchoro wa vyumba vinne vya kupangisha huko Kira. “Mulamu, nyumba unayolala haikulipi kitu. Mpangaji ndiye anayelipa.” Nikamwuliza kiwanja ni cha nani. Akasema tuanze na fedha, mwenye kiwanja atajitokeza. Mchoro ukakunjwa, akaandaliwa chai.

Baba Nasra mwenyewe alikuwa na lake: hatifungani za serikali. Hilo sikulicheka. Benki Kuu ya Uganda huziuza kwa mnada, unaweza kuanza na laki moja, riba huingia kila miezi sita, na wakati ule za miaka 10 zilikuwa zikitoa karibu asilimia 16. Kodi ya zuio kwa za muda huo ni asilimia 10, si 20 kama zile za muda mfupi. Yote hayo alikuwa ameyasoma. Alikaa mezani na daftari la Nasra la hesabu, akaandika “milioni 32” juu kabisa, akaipigia mistari miwili, kisha akaanza kutaja magari.

Nikamletea karatasi ya mkopo wa nyumba yetu. Ni karatasi ndefu yenye safu tatu: ulicholipa, kilichokwenda kwenye riba, kilichopunguza deni. Tulikopa milioni 150 kwa riba ya asilimia 18, miaka 15. Kila mwezi tunatoa milioni 2 na laki 4. Miaka saba imepita, zimeshatutoka zaidi ya milioni 200, na bado tunadaiwa milioni 122. Baba Nasra aliigeuza karatasi kuangalia kama kuna kitu nyuma.

Nasra, ambaye hakuombwa maoni, akalichukua daftari lake. Milioni 30 kwenye hatifungani, kodi ikishatoka, zinaleta milioni 4 na laki 3 kwa mwaka. Milioni 30 hizo hizo zikienda kwenye deni zinazuia riba ya milioni 5 na laki 4. “Kwa hiyo Baba unataka kuikopesha serikali kwa bei ndogo kuliko unayokopeshwa wewe,” akasema, akarudi kwenye simu yake.

Na riba yenyewe ya mkopo wetu haijafungwa, benki ikiamua kupandisha inapanda. Wenye mikopo Kampala hawajausahau mwaka 2011, mfumuko wa bei ulipovuka asilimia 30 na Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 23, na riba za mabenki zikaifuata huko huko juu.

Baba Nasra akasema fedha ni jasho lake. Kweli. Lakini Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuiweka nyumba ya ndoa rehani bila idhini ya mwenzake. Sahihi yangu iko pale chini ya yake, na dalali akija hatamtoa yeye peke yake.

Aliyesema la maana kuliko sote ni Ssenga. “Fedha ikishaingia ukutani haitoki. Mtoto akiugua usiku, mtang’oa tofali mpeleke hospitali?” Nakubaliana naye hadi leo: asiye na akiba ya dharura asikimbilie kupunguza deni. Tukabakisha milioni mbili, ambazo ni kidogo, na nauli ya Masaka ikatoka humo humo.

Asubuhi yake Baba Nasra akapeleka milioni 30 benki, akaziweka kwenye akaunti ya marejesho, akarudi na kuku wawili na risiti. Sasa sikiliza. Mwisho wa mwezi huwa tunahamisha fedha za marejesho kutoka kwenye mshahara. Tukichelewa siku moja tu, simu inalia. Mwezi ule simu haikulia. Wa pili pia kimya. “Unaona?” akasema Baba Nasra. “Mtu ukilipa vizuri, benki inakupumzisha.” Kwa mshahara uliopumzika akanunua sofa kwa mafundi wa Nsambya, la kona, rangi ya kahawa, refu kuliko sebule. Lilikataa mlangoni. Mlango ukang’olewa, likakataa tena. Mwishowe likaingizwa kwa dirisha la chumba cha kulia, vijana wanne ndani, watatu nje, na jirani akiongoza kwa sauti kubwa ilhali hakuna aliyemwajiri.

Nikiwa nimelikalia sofa lile lile ndipo nilipofungua taarifa ya akaunti. Hakuna aliyetupumzisha. Milioni 30 zilikuwa zimelala pale pale zilipowekwa, hazizai, na kila mwezi benki inajimegea milioni 2 na laki 4 kama kawaida. Deni halikuguswa hata kwa senti moja ya ziada.

Afisa mikopo, kijana mpole, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hatukuandika barua. Bila maelekezo ya maandishi kwamba fedha zipunguze deni lenyewe, wao huzihesabu kuwa marejesho ya mbele. Akatuonyesha kifungu, na chini yake ada ya kulipa mapema, nayo tukailipa. Halafu akauliza: tupunguze marejesho ya kila mwezi au tupunguze miaka? Baba Nasra akafungua kinywa aseme marejesho. Mguu wangu ukamfikia kabla ya neno. Tukapunguza miaka. Milioni 25 zilizobaki zimetuondolea karibu miaka mitatu.

Msomaji mwenye mkopo, andika barua, na usiondoke benki bila ratiba mpya yenye muhuri. Siku utakayomaliza, dai hati yako pamoja na waraka wa kuiondoa rehani, uupeleke ofisi ya ardhi ukasajiliwe. Bila hivyo, daftari la serikali litaendelea kuonyesha kwamba nyumba uliyoilipa ingali rehani.