Babu, Kaa Chini!

Ukweni kwangu Rufiji. Shamba la baba mkwe liko ng'ambo ya mto, na kwenda ng'ambo hakuna daraja wala pantoni, kuna mtumbwi. Sasa mtu unayepanda daladala la Mbagala kwa dirishani, mtumbwi utakushinda nini?

Nahodha mwenyewe mtoto. Mtoto kabisa, na kaptula ya shule. Akanitazama juu mpaka chini. "Babu, vua moka."

Babu! Na ndevu nimezipaka piko juzi tu. Eti viatu vikijaa maji vinakuvuta chini. Haya, nikavua. Soksi ina tundu, kidole gumba hicho nje, na mashemeji wote wamejipanga ukingoni kuniaga.

Likaja boya la kuvaa. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 mzee hataki kusikia mtu anavuka bila boya. Linanuka kambale. Nikalitupia begani, dogo akakataa. Zipu ikafika kwenye kitambi, ikagoma. "Babu, vuta pumzi." Nikavuta. Akakaza mikanda, halafu akanishika mabegani akalivuta juu kwa nguvu. Kumbe ndivyo linavyopimwa: likipanda mpaka masikioni, majini litakuvuka. Likapanda mpaka masikioni. Kaza tena! Shemeji mdogo anachukua video.

Humo ndani hata kukohoa ni kwa kibali. Usisimame. Kaa chini, katikati. Mkono usiuning'inize majini, kuna mamba. Tawi likija usilidake, wewe utabaki na tawi, mtumbwi utaondoka. Tukipinduka, ng'ang'ania mtumbwi, mti hauzami, usijitie kuogelea. Kuogelea? Nani kamwambia mimi naogelea?

Na ng'ambo naiona ile pale, lakini dogo anajikokota kandokando kwenye maji ya magoti. Eti viboko wanashinda kwenye kina, tutakatia kule juu kwenye mchanga. Halafu kila mara anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ko ko ko, kama anabisha hodi. Nikamwambia dogo, acha kuwaita! Akasema hawaiti, anawapa taarifa. Kiboko akishtukizwa ndio noma, na ukimzibia njia ya kurudi kwenye kina, kwisha habari yako. Jitu lenye tani na zaidi, linakaa chini ya maji hata dakika 5, we utajua liko wapi?

Mbele yetu likapanda povu. Nikasimama. Nilikuwa naenda wapi, usiniulize.

"Babu, kaa chini!" Ukingo mzima ukapokea, mpaka mama mkwe, ambaye kwa heshima huwa hata haniangalii usoni. Nikakaa. Nikakaa kwenye maji, maana mtumbwi ulishakunywa, na dogo akanikabidhi kikopo nifue.

Tukafika. Nikauliza nauli, akataja ya watu wawili. Nikamwambia mbona niko peke yangu? Akautazama mtumbwi, akanitazama mimi, akanihurumia. Basi nilipe ya mtu mmoja na gunia la mpunga.