Barua ya Wazi kwa Majaji wa Muongo, Paris

Heru Juu, Kasulu,
Mkoa wa Kigoma

Kwa Wahariri,
Jarida la Cahiers du Cinéma, Paris

Yah: Orodha yenu ya filamu bora za muongo 2010–2019

Waheshimiwa,

Salamu kutoka nyanda za juu za Buha. Mtusamehe kwa kuchelewesha pongezi. Orodha yenu ilitoka Desemba 2019, na ilipofika Februari 2020 wahariri walioipanga wakajiuzulu wote kwa kuwakataa wamiliki wapya wa jarida, ikawa vigumu kujua bahasha iandikwe jina la nani. Hata hivyo majaji wamekwenda na hukumu imebaki, kwa hiyo tunaiandikia ofisi.

Nafasi ya kwanza mliipa Twin Peaks: The Return ya David Lynch, yenye vipindi 18 vilivyoonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2017. Ya pili ikachukuliwa na Holy Motors ya Leos Carax, na ya tatu na P'tit Quinquin ya Bruno Dumont, ambayo nayo ilitengenezwa kama tamthilia ya televisheni, vipindi vinne. Yaani katika filamu tatu za juu za muongo mzima, mbili ni tamthilia. Wapo waliokasirika huko kwenu, huku tumefarijika. Bongo muvi, sinema yetu ya Tanzania, imesimangwa miaka na miaka kwamba si filamu, kwa kuwa inakatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, inatoka moja kwa moja kwenye diski, na mtazamaji anaimalizia sebuleni akiwa amekunja miguu kwenye kochi. Sasa tumepata fatwa kutoka Paris. Kama vipindi 18 ni filamu moja, diski mbili za mwigizaji wetu marehemu Steven Kanumba hazina hatia yoyote, na Devil Kingdom, aliyoicheza na Ramsey Nouah wa Nigeria mwanzoni mwa muongo huohuo, ilikuwa na kila haki ya kufika mezani kwenu ikahukumiwe.

Haikufika, na sababu inaonekana mtu akifuatilia njia zilizopitwa na filamu zilizofika. Holy Motors ilishindana katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2012. P'tit Quinquin ilionyeshwa Cannes mwaka 2014. Toni Erdmann, mliyoipa nafasi ya nne, ilikuwa Cannes mwaka 2016. Uncle Boonmee ya Apichatpong Weerasethakul, ya tano, ilitwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 2010, kwa hiyo anayejitetea kwamba hata Thailand imo ajue Thailand nayo ilipitia mlango uleule. Hata Twin Peaks, tamthilia ya televisheni, vipindi vyake viwili vya mwanzo vilipelekwa Cannes vikapigwe muhuri. Ramani nzima ya sinema ya dunia kwa miaka kumi imepita katika mji mmoja wa pwani ya Ufaransa. Kenya yenyewe, jirani yetu mwenye bahati, ilipata filamu yake ya kwanza huko mwaka 2018, Rafiki ya Wanuri Kahiu, na nyumbani ikapigwa marufuku.

Mtasema kazi nzuri hatimaye hujitokeza yenyewe. Waulizeni jirani zenu wa jarida la Sight and Sound, London, ambao hupigisha kura ya filamu bora kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Mwaka huo Citizen Kane, iliyotoka 1941, haikuwamo katika kumi bora; ikarudishwa kwenye kumbi katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1962 ikawa ya kwanza, ikakaa hapo hadi 2012. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal ilitengenezwa 1973. Mkanda wake ulikarabatiwa mwaka 2008, na kura ya 2012 ikaiona kuwa miongoni mwa 100 bora. Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975, ilikuwa nafasi ya thelathini na kitu mwaka 2012. Wapiga kura walipoongezwa kutoka 846 hadi 1,639, mwaka 2022 ikapanda hadi ya kwanza. Hakuna fremu iliyobadilika katika filamu hizo. Kilichobadilika ni nakala kupatikana na watu wapya kuulizwa. Sasa fikirieni filamu ambayo nakala yake ni diski iliyokwaruzika kwenye duka la Kasulu mjini, na ambayo hakuna taasisi ya kuikarabati wala mtu aliyewahi kuulizwa.

Pingamizi zito zaidi ni la ufundi, na hapo hatutawadanganya. Bongo muvi nyingi zilipigwa haraka, sauti inapotea, na kuna gari linapiga honi, geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, huku kisa kikisubiri nje. Wanaozicheka zaidi ni Watanzania wenyewe. Lakini ninyi ndio watu wa mwisho duniani wa kutumia pingamizi hilo. Jarida lenu, lililoanzishwa 1951, lilipata jina kwa sababu vijana wake, kina Truffaut na Rivette, walikwenda kutazama filamu za biashara za Hollywood ambazo wasomi walizidharau, wakasema waongozaji Hitchcock na Hawks ni wasanii wakubwa. Hawks huyohuyo alikuja Tanganyika na John Wayne kukimbiza faru maeneo ya Arusha, na filamu ikatoka 1962 kwa jina la Kiswahili, Hatari!. Jicho la huruma mlilompa yeye, mbona halikubaki kidogo kwa wenye lugha aliyoiazima?

Wala hatuombi wingi wa watazamaji ugeuzwe kuwa ubora. Kanumba alipofariki Aprili 2012, viwanja vya Leaders, Kinondoni, vilifurika waombolezaji. Huo ni ushahidi wa mapenzi, na mapenzi hayatoi nafasi ya kwanza. Tunachosema ni kwamba uhakiki upo hata kwenye kibanda umiza, banda letu la kuonyeshea video. Watafsiri kama Lufufu wa Dar es Salaam waliingiza sauti yao juu ya filamu ya kigeni, wakaeleza kisa na kutia maneno yao, mkanda ukiendelea. Mhakiki wa namna hiyo husahihishwa papo hapo na benchi zima. Nani mwingine katika kazi hii anafanya kazi chini ya usimamizi mkali hivyo?

Msidhani Kigoma haijawahi kutukuzwa na wahakiki. Mwaka 2017, filamu ya Jane ya Brett Morgen, iliyotokana na picha za Jane Goodall na sokwe alizopiga Hugo van Lawick huko Gombe, mkoani kwetu, miaka ya 1960, ilisifiwa kila kona. Sokwe wetu wamekwisha fika; tunasubiri zamu ya binadamu.

Muongo huu unamalizika 2029, nanyi mtapanga tena. Tamasha la filamu la Zanzibar lipo tangu 1998. Tumeni hata mwandishi mmoja, akae na Waswahili, atazame, kisha azikatae zote akitaka. Mkishindwa kumtuma, basi badilisheni kichwa cha orodha na mwandike: Filamu Bora Zilizotufikia Cannes.

Wenu katika kusubiri,
Mtazamaji wa Heru Juu