Kuiandaa Mark X kwa Maisha ya Mwese

Hongera kwa chombo. Wapo wenzako waliouza mahindi wakanunua pikipiki, wapo walionunua ng'ombe, wapo waliopaua nyumba. Wewe umeona mbali zaidi: umeagiza kutoka Japani Mark X ya mwaka 2006, silinda sita, lita mbili na nusu, nguvu za farasi 215, tumbo likiwa kama sentimita 15 tu kutoka ardhini. Umelipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru wa ukubwa wa injini na mwingine wa uzee wa gari, kwa hiyo serikali nayo imeshakupongeza. Sasa gari liko uani, watoto wameshaandika majina yao kwenye vumbi la buti, na mikono inakuwasha kulifanyia mambo. Kaa tuzungumze kabla fundi hajafika.

Vijana wa Mpanda mjini watakwambia uanze na kompyuta. Magari ya Kijapani hufungwa yasivuke kilomita 180 kwa saa, na hakosekani mtaalamu wa kukufungulia. Mwache afungue. Ukishaiacha lami na kuanza kupanda kuja huku kwetu Mwese, kitakachokuzuia usifike kilomita 200 kwa saa si Mjapani tena, ni korogesheni.

Jambo la maana ni kimo. Kule Dar es Salaam kijana akipata gari la namna hii hukata springi ili liinamie barabara. Nawe kata springi kama unataka kulima. Kama unataka kusafiri, mwambie fundi akuwekee spesa juu ya springi, sentimita mbili au tatu, zisizidi hapo. Yeye atataka kuweka tano, kwa sababu anazo zilizobaki kwenye Noah ya mtu. Kataa. Gari likinyanyuliwa kupita kiasi, ekseli za nyuma zinakaa kwa pembe isiyo yake, mipira ya breki inavutika, matairi yanaliwa upande mmoja, na pua ikizidi makalio taa zinamulika vilele vya miombo huku ng'ombe aliyelala barabarani akiachwa gizani. Baada ya spesa kuna alaimenti. Utaifuata Mpanda, utailipia, na njia ya kurudi Mwese itaivuruga kabla risiti haijakunjika mfukoni. Huu ndio utakuwa uhusiano wako mrefu kuliko wote na fundi.

Ukishapanda juu, shuka kwenye rimu. Najua zimekuja inchi 18, zinang'aa, na ndizo zilizokufanya ubonyeze "nunua" saa saba za usiku. Tairi la 225/45 juu ya rimu hiyo lina unene wa sentimita 10 tu kati ya chuma na jiwe la Mwese. Tairi la 215/60 kwenye rimu ya inchi 16, ambalo Toyota wenyewe waliliweka kwenye Mark X za watu wasio na makuu, lina karibu 13. Sentimita hizo tatu ni bei ya rimu nzima. Na usihangaike kutafuta soko la zile kubwa: Dar es Salaam kuna kijana mwenye inchi 16 ambaye halali usingizi akiziota zako. Mtabadilishana, kila mmoja akiamini amemwibia mwenzake.

Halafu ngao ya kukinga sampu. Gari lilikuja na kava la plastiki huko chini, na hilo litabaki kwenye jiwe la kwanza kama kadi ya mwaliko. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, chagua bati nene la milimita tatu, akukatie ngao ya kufunika sampu na mbele ya giaboksi. Mkumbushe kuacha tundu la nati ya kumwagia oili. Mkumbushe tena. Asipoacha, kila ukibadilisha oili itabidi ngao nzima ivuliwe, na mara ya tatu fundi ataamua kwamba oili bado nzuri. Aache na matundu madogo ya kutolea matope, la sivyo utakuwa unasafiri na shamba.

Kuna chujio la hewa la umbo la koni, jekundu, linalokaa wazi chini ya boneti na kufanya injini ivute pumzi kwa sauti. Linapendeza mno. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, vumbi la njia hii ni laini kiasi kwamba linapita kwenye kichanja cha vyombo, kwenye chandarua na kwenye siri za ndoa, kwa hiyo koni hiyo haitakuwa na neno la kuliambia. Vumbi likipita linasaga ringi za pistoni, na injini inaanza kunywa oili pamoja na petroli. Baki na chujio la karatasi ndani ya boksi lake, ubadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya mtu wa Nagoya.

Petroli yenyewe isikupite. Injini hii inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa mgandamizo mkubwa, kupitia matundu membamba ambayo hayajui mzaha. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuwakata makali wachakachuaji, lakini dumu la uchochoroni halisomi bajeti. Jaza tangi Mpanda. Ukilazimika kununua ya dumu, mwambie muuzaji ni ya kumwagia kwenye pikipiki yako. Ya pikipiki huichuja vizuri, maana mwenye pikipiki hurudi kesho yake na panga.

Sasa muziki, kwa sababu bila muziki hilo si gari, ni stoo. Redio iliyokuja nayo inasoma FM ya Kijapani, kuanzia 76 hadi 90, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Kifaa kidogo cha kuhamisha masafa kinamaliza tatizo kwa bei ya kuku. Vijana watakushauri redio ya skrini kubwa yenye ramani. Weka, inapendeza usiku: mshale wa buluu ukielea katikati ya kijani kitupu. Ila yule mama anayezungumza Kijapani kila ukiwasha gari usimnyamazishe kwa haraka. Anakujulisha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za haraka. Tozo utakayokutana nayo huku ni ya geti la ushuru wa mazao, ambako hakuna mwenye haja na kadi yake, lakini abiria kutoka Mishamo wakimsikia watakuongezea heshima na pengine nauli.

Tufike kwenye egzosi, ambako ndiko vijana wengi hupotelea. Fundi atakwambia utoe masega ya kuchujia moshi ili gari lipumue. Masega hayo hayana asali, ila yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na hapo ndipo utaelewa kwa nini fundi anakutolea bure na kusisitiza abaki nayo. Ukiyaondoa, moshi unatoka bila kuchujwa sumu, harufu inarudi ndani, na sauti inakuwa ile ambayo wewe unaiita ya mashindano na majirani wanaiita jina lako. Fikiria pia mahali ulipo. Mwese ni kimoja cha vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinavyolipwa fedha za kaboni kwa kuutunza msitu wa milima ya Ntakata. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Kijiji kizima kinalipwa ili miti ishike hewa chafu, na wewe unapita katikati ya kijiji ukiirudisha kwa silinda sita. Ukienda kwenye mkutano wa kijiji, nenda kwa miguu. Sokwe wa Ntakata nao hupiga mashina ya miti kupeana habari, na sidhani kama wamekuomba msaada wa bezi.

Kabla hujanunua kingine chochote, keti ndani ya gari usome vitufe. Mark X nyingi zina kimoja kilichoandikwa SNOW. Theluji haijaripotiwa Katavi, hivyo wengi wanakidharau. Hicho kinalifanya gari lianze na gia ya juu zaidi ili tairi lisisote, na kwenye utelezi wa mvua za Januari ni kitufe chenye thamani kuliko kile cha nguvu, PWR. Ukizama hasa, zima TRC, maana kompyuta hiyo ikiona matairi yanazunguka bila kwenda inapunguza nguvu, kwa nia njema kabisa, na unabaki umekaa.

Na utabaki umekaa. Gari linasukumwa na matairi ya nyuma, buti ni jepesi, mlima ni mlima. Chini ya zulia la buti, karibu na jeki, kuna kulabu ya chuma ya kufungia kwenye bampa. Watu wa mjini huipaka rangi nyekundu iwe pambo. Wewe ifunge mbele sasa hivi, na uiache hapo mpaka Mei. Kisha fahamiana na mfugaji wa Kisukuma mwenye jozi ya maksai waliozoea jembe. Msalimie hata wakati wa kiangazi, maana anayesalimiwa masika peke yake anajua bei ya salamu hiyo.

Siku ikifika, patana naye kabla kamba haijafungwa. Giaboksi ya otomatiki haipendi kuvutwa mbali injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa pampu yake ya oili huzungushwa na injini. Basi acha injini iwake, gia kwenye N, usukani uwe mwepesi, farasi wako wote 215 wakinguruma taratibu nyuma ya maksai wawili. Kama egzosi uliifungua, hapa ndipo maksai watakapogoma, na mwenye nao atakuja dirishani kukuuliza kwa upole kama hilo trekta lako halina namna ya kunyamaza.